Pasaka Tatu Bila Ua

Kama ungefika kanisani pale ukauliza mtunza makaburi ni nani, watu wangekutazama tu. Ungeuliza Mwenyeji, hata mtoto anayejifunza kutembea angekunyooshea kidole. Jina hilo alibandikwa na wanakwaya enzi hizo, akiwa kijana wa mabega mapana, kwa sababu kila mtu mapema au baadaye angekuwa mgeni wake. Likamganda mpaka mkewe mwenyewe akawa analitumia. "Mwenyeji, mimi usinikaribishe haraka," watu walimtania wakipita getini. Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Nafasi hakuna, nenda nyumbani ukale." Wakacheka, wakaenda zao, yeye akaendelea kuchimba.

Ilikuwa kazi ya miaka thelathini na minane, na acha niseme ukweli, aliifanya kwa kiburi. Shimo la Mwenyeji lilinyooka kuta kama limekatwa kwa kisu. Hakutumia futi. Akisimama ndani na ukingo ukamfika kwapani, basi, kina kimetosha. Urefu alipima kwa mpini wa koleo, mara mbili na shubiri moja. Na aliwajua wote, nani kalala karibu na nani, nani alikuja mvua inanyesha, nani alisindikizwa na watu wanne tu. Daftari la kanisa lilikuwa na makosa, kichwa chake hakikuwa nayo.

Sasa sikiliza alichokuwa anaamini, na usimcheke. Aliamini kwamba siku ya mwisho patakuwa na vurugu kubwa. Watu wote wale waamke kwa mpigo, macho yamejaa vumbi, mama anatafuta mwana, mume hajui mke alizikwa safu gani. Nani atawapanga? Yeye. Atasimama pale njiani katikati aelekeze: wewe baba wa mapacha, wanao wako safu ya tisa, wanakungoja, na wewe bibi usikimbie, mumeo yuko nyuma yako hapo. Siku moja alimwambia mkewe hayo. Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona mwenzake hacheki, naye akanyamaza.

Ndiyo maana kwake Pasaka haikuwa nguo mpya wala pilikapilika za jikoni. Siku nyingine zote za mwaka aliona watu wakishuka tu. Hakuwahi kuona hata mmoja akipanda. Pasaka ilikuwa siku ya kuambiwa kwamba yupo aliyepanda, na kwamba hawa wake nao watapanda. Aliihitaji siku hiyo kama mtu wa kazi ngumu anavyohitaji usingizi.

Siku hiyo waumini walikuwa na desturi yao. Ibada ya asubuhi ikiisha, wote walitokea mlango wa pembeni, wakavuka uwanja wa kanisa, wakaingia makaburini wakiimba, kila mtu na ua jeupe mkononi. Ua liliwekwa kwenye kaburi la mtu wako. Mchungaji aliomba, wakaitikiana kwamba Kristo amefufuka, wakarudi nyumbani. Kwa saa moja mahali pale palipendeza, na Mwenyeji alitembea kati ya safu mikono nyuma, utadhani mtu anayeozesha binti.

Matatizo yalianza ardhi ilipokwisha. Upande mmoja barabara, upande wa pili ukuta wa shule, nyuma maghorofa. Waumini hawakuacha kufa kwa sababu hiyo. Ikabidi makaburi ya zamani yafunguliwe, walale wawili pamoja, wa kale chini na mpya juu. Lakini yafunguliwe yapi? Baraza la wazee wa kanisa lilikaa vikao vitano na kutoka patupu. Aliyesema tuanze na ya zamani kabisa alikumbushwa kwamba hao ni waanzilishi wa kanisa, na wajukuu zao ndio wamekalia viti vya mbele mle mle kikaoni.

Mwenyeji alikuwa ameitwa kuleta benchi la ziada. Aliliweka, akakohoa. "Wazee, mkiniruhusu. Kila Pasaka tunaweka maua. Kaburi lenye ua lina watu wake. Lisilo na ua Pasaka tatu mfululizo halina mtu. Tukilifungua hilo hatumuumizi yeyote."

 Mzee mmoja akasema, jamani, tulikuwa wapi siku zote. Mchungaji aliinuka akamshika mkono. Mwenyeji alirudi nyumbani akamsimulia mkewe mara tatu, na mara ya tatu alikuwa amekwisha kutia chumvi.

Tangu hapo, Jumapili ya Pasaka watu wakishaondoka, alibaki na daftari la shule na penseli, akapita safu kwa safu kuandika yasiyo na ua. Aliomba asiombwe upendeleo wala asibembelezwe. "Hakuna kujuana," alisema. "Ua lipo, lipo. Halipo, halipo." Na ukimwona anafungua kaburi ungesema mtu huyu ana adabu. Mifupa aliikusanya yote kwa mikono yake, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akachimba chini zaidi, akaiweka, akaomba kwa sauti ndogo, ndipo akaandaa mahali pa mgeni. Alijua nani yuko chini ya nani. Mpango wake wa siku ya mwisho haukuharibika, uliongezeka kazi tu.

Wakubwa ni rahisi. Mtoto mdogo ni jambo lingine, kwa sababu udongo wa pale ni wa majimaji na mkali, na mtoto haachi kitu.

Alikuwepo mwanamke aliyeitwa Mama Majoho, kwa kuwa majoho yote ya kwaya yalitoka kwenye cherehani yake. Alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, alipokuwa amekwisha kukata tamaa ya kuzaa. Mtoto akaishi miaka minne, homa ikamchukua kwa siku mbili. Mwenyeji ndiye aliyechimba, shimo fupi mpaka alilazimika kupiga magoti badala ya kuinama. Mume naye baadaye alikwenda kutafuta maisha mbali, na huko akapata maisha na mke. Mama Majoho akabaki na kaburi lile. Miaka kumi na minne hakukosa Pasaka hata moja. Alikuja wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na kabla ya kuondoka alimwambia Mwenyeji, "Haya, nakuachia." Mwenyeji alijibu, "Nenda salama, mama, yupo."

Kisha ikaja Pasaka asionekane. Mwenyeji aliandika alama kwenye daftari na kujiambia, nitamuulizia. Wakasema alipooza upande mmoja, amechukuliwa na mtoto wa kaka yake, wanaishi mji mwingine. Akasikitika, akajiambia atatuma salamu. Hakutuma. Pasaka ya pili akaandika alama ya pili.

Pasaka ya tatu alikuwa na ua mkononi. Naomba uliweke hilo akilini, maana yeye hakulitoa akilini kamwe. Bibi mmoja alikuwa amebakiwa na ua moja akampa, akasema weka popote. Mwenyeji akaenda mpaka kwenye lile kaburi fupi, akasimama. Hakuna aliyekuwa anamwona. Angeinama tu. Lakini akafikiri, nikimwekea huyu kwa sababu namjua mama yake, kesho nitasema nini kwa wengine? Sheria ni yangu mwenyewe, nilisimama mbele ya wazee nikasema hakuna kujuana. Akaliacha lile ua juu ya ukuta wa shule, akachora alama ya tatu. Na alijisikia vizuri, hilo ndilo baya zaidi. Alijiona mtu wa haki.

Msimu wa mvua akafa mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mtu wa watu, mwenye watoto wengi na wakwe wengi. Lile kaburi fupi lilikuwa karibu na njia, pazuri, na pembeni yake palikuwa na kipande wazi cha kutosha kurefusha. Mwenyeji alichimba asubuhi. Alichimba kwa vidole alipokaribia chini. Hakukuta kitu. Si jino, si kifungo cha shati. Udongo tu, mweusi, wenye maji. Alikuwa na kitambaa cheupe mfukoni na hakuna cha kufunga. Akakaa kidogo ukingoni, kisha akajiambia watu wa mazishi wako njiani.

Udongo uliobaki ulikuwa mwingi, kwa kuwa jeneza la mwalimu lilikuwa kubwa. Desturi ya Mwenyeji ilikuwa kuupeleka kwa toroli uwanjani, pale wanapoegesha magari mbele ya kanisa, kwa sababu palikuwa na bonde linalotuamisha maji. Alipeleka toroli saba, akasawazisha, akashindilia kwa miguu. Jumapili iliyofuata kina mama walimshukuru kwamba sasa viatu vyao haviingii tope. Mwalimu mkuu akajengewa vigae vya kung'aa na msalaba mkubwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka ya mwaka uliofuata, Mwenyeji alikuwa getini anapaka chokaa mawe ya njia. Akasikia fimbo. Kuinua macho, Mama Majoho. Alikuwa amekonda nusu, mdomo umekwenda upande kidogo, mkono wa kushoto umekunjika kifuani, na nyuma yake yule binti wa kaka yake amebeba ndoo na fagio.

"Mwenyeji, umeniona mzimu?"

"Mama. Karibu, mama. Pole na kuumwa."

"Nimekwisha poa. Nimekuja kumsafishia mtoto. Miaka minne, majani si yamemla?"

Mwenyeji alisogea akaziba njia ya getini. Alisema kuna rangi mbichi kila mahali. Alisema watu wamejaa ndani, mtasukumana, na wewe hali yako hiyo. Alisema usafi umekwishafanyika. "Njoo kesho na wenzako, mama. Kesho ndiyo siku yenyewe."

"Umemsafishia wewe?"

Akaitikia kwa kichwa. Mama Majoho akamtazama kwa macho yale ya mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba. "Mungu akuweke," akasema. Wakageuka polepole, ndoo ikiwa tupu.

Mwenyeji aliacha chokaa palepale akaenda kwa Mchungaji. Mchungaji alikuwa kijana mwema, alikuwa anahangaika na waya wa kipaza sauti na mahubiri bado hajamaliza kuandika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hukukuta mifupa kabisa?"

"Sikukuta kitu, Mchungaji."

"Basi hukukosea. Utaratibu wa kanisa ulifuatwa."

"Utaratibu ulikuwa wangu."

Mchungaji akaweka waya chini. "Mwache mama apate Pasaka yake. Jumanne tutamwita ofisini, tukae naye, tuombe, tumweleze taratibu."

"Na kesho akija na ua, akaweke wapi?"

Mchungaji aliokota tena waya wake. Akasema atalifikiria. Simu ikaita.

Nyumbani mkewe alikuwa anampigia pasi shati la Pasaka. Alipoambiwa hakupaza sauti. "Utamwambia wewe, si Mchungaji," alisema. "Na umwambie kabla hajafika pale."

"Na habari ya ua nimwambie?"

"Ua gani?"

Hakuwahi kumwambia hata yeye. Akamweleza, bibi yule, ukuta wa shule, alama ya tatu. Mkewe alichomoa pasi. Alilitazama lile shati kwa muda mrefu utadhani hajui ni la nani. "Hilo," alisema, "hata mimi usingeniambia."

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Mchungaji alihubiri vizuri, tumpe haki yake. Aliuliza Pasaka ina maana gani kwetu leo, sisi wa simu na foleni na kodi za nyumba, akajibu kwamba maana yake ni kuwa hakuna aliyesahauliwa. Mbele za Mungu hakuna kaburi lisilo na mtu wake. Watu wakasema amina. Mwenyeji alikuwa kiti cha nyuma, na ile amina ilimpita kama basi lililojaa. Alimsubiri Yesu afufuke kama kila mwaka. Alisikia maneno, aliyajua yote kwa moyo, na ndani hapakutikisika kitu. Aliona tu udongo, mweusi, wenye maji, unamwagwa kutoka kwenye toroli.

Watu wakatoka na maua. Alitangulia akasimama getini. Familia ya mwalimu mkuu ilipita, kundi zima, wakamsalimia kwa furaha. Mama Majoho alikuja mwisho kabisa. Mkono mzima ulikuwa mmoja tu, na ndio uliokuwa na fimbo, kwa hiyo ua alilishika pamoja na fimbo. Binti alitaka kumsaidia kulibeba, akamkatalia.

"Mama, simama kwanza. Nina neno."

"Liwe fupi, miguu hii si yangu."

Akamwambia. Hakuzunguka, nguvu za kuzunguka hakuwa nazo. Alisema, mtoto hayupo pale tena, tumemlaza mtu mwingine. Alisema sheria ya Pasaka tatu. Alisema ni yeye aliyeitunga. Alisema hakukuta kitu cha kufunga kwenye kitambaa. Ndani watu walikuwa wanaimba, ikabidi aseme kwa sauti, na maneno yale yakasikika mabaya zaidi.

Mama Majoho hakulia. Alisema, "Mimi nilikuwa naumwa."

"Nilijua, mama. Waliniambia."

"Ulijua."

"Na Pasaka ya mwisho nilikuwa na ua mkononi. La kupewa. Nilisimama kwake nalo."

"Kisha?"

"Sikuliweka."

Binti wa kaka yake akasema, "Shangazi, kaa chini," lakini hapakuwa na pa kukaa. Mama Majoho aliangalia ndani ya geti, kule vigae vinapong'aa na watu wamekizunguka kile kipande chake cha miaka yote. Kisha akauliza swali alilokuwa analiogopa Mwenyeji tangu jana.

"Sasa mmempeleka wapi?"

Mwenyeji aligeuka, akaonyesha uwanja. Magari yalikuwa yamepangwa pale, safu tatu, yakiwaka jua.

Mama Majoho aliondoka getini. Alitembea kwa fimbo yake mpaka kati ya magari mawili, akauliza, "Hapa?" Mwenyeji akasema ni hapo au mbele kidogo, mama, palisambazwa. Akaenda mbele kidogo. Hakuweza kuinama, kwa hiyo aliliachia ua likaanguka lenyewe, karibu na gurudumu, akasimama hapo kichwa chini. Mchungaji alikuwa amefahamishwa, akaja mbio na kanzu yake nyeupe ameishika kwa mkono isiguse chini.

"Mama yangu," alisema, "Mungu anajua alipo."

"Mungu anajua," alijibu. "Hata mimi nilikuwa najua."

Mchungaji akashika bega lake, akaanza kuomba, akakwama katikati, akamalizia kwa kifupi. Wakati huo watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanasalimiana, wanaitana wapige picha. Baba mmoja aliyevaa suti akaja na funguo, akaona kikongwe kati ya magari. "Shikamoo mama. Samahani, sogea kidogo nitoe gari." Alikuwa na adabu kabisa, hakujua kitu. Binti akamsogeza shangazi yake kando. Gari likarudi nyuma, likakata kona, na pale lilipokuwa hapakuwa na kitu cha kuangalia.

Mwenyeji alijikaza aseme. Alisema atakwenda kwa wazee Jumatatu, sheria ile ifutwe. Alisema ataweka jiwe hapa. Alisema hata msalaba mdogo. Mama Majoho alimsikiliza kama mtu anayesikiliza bei za sokoni akiwa hana safari ya kununua.

"Miaka mitatu nimelala upande mmoja," alisema. "Hata kugeuka nageuzwa. Nimelilia kila kitu, Mwenyeji. Nimelilia cherehani, nimelilia mume aliyenikimbia, nimelilia mkono huu. Kwa mtoto sikulia hata siku moja. Nilikuwa najiambia, huyo usimhangaikie, huyo yuko na Mwenyeji."

Akamwambia binti waende. Hawakupitia getini wala mlango wa kanisa, walikatiza njia ya barabarani ambayo ilikuwa karibu. Mwenyeji alibaki katikati ya uwanja na mikono yake mitupu. Akajaribu kumwona yule mtoto akiamka siku ile ya mwisho, akajaribu kumwonyesha pa kwenda, akakuta hajui amwite kutoka wapi. Magari yakampigia honi apishe, naye akapisha.